Mkono Usio na Mwenyewe

Ilikuwa picha ya arobaini na moja kati ya zile alizopewa, na Baba Pacha alikuwa ameikuza mpaka uso wa mkewe ukajaa skrini nzima ya kompyuta. Mkewe alikuwa anacheka. Si kile kicheko cha kupigia picha, cha kuonyesha meno ya mbele halafu basi. Alikuwa anacheka macho ameyafumba, kichwa kimeenda nyuma, mkono mmoja umeshika tumbo. Baba Pacha alijaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho alimwona akicheka namna ile. Alirudi nyuma miaka minne, akaacha kuhesabu.

Akaisogeza picha upande. Hapo ndipo alipokiona kilichomchoma. Kwenye benchi lile lile alikuwa ameketi yule mnasihi mrefu, shati limenyooshwa kwa pasi utadhani limechorwa, na mkono wake ameulaza juu ya egemeo la benchi, nyuma ya mabega ya Mama Pacha.

"Nyuma ya mabega," alijisemea. "Si juu ya mabega."

Akakuza tena. Akapima kwa macho, na kwa kuwa alikuwa fundi asiyeamini macho, akapima na kwa kompyuta. Kati ya vidole vya yule bwana na gauni la mkewe palikuwa na nafasi ya punje moja ya mchele. Punje ya mchele ni nafasi ndogo sana kwa mwanamume anayelala peke yake.

Hiyo ilikuwa Jumatatu asubuhi. Jumamosi ya wiki ile ile, Mama Pacha alikuwa anatimiza siku tisini katika kituo cha tiba ya uraibu. Kituoni walikuwa na utaratibu wao: ukimaliza siku tisini unachagua. Ama unarudi kwako, ama unahamia nyumba ya pili, ile ya nyuma ya bustani, unakaa miezi miwili mingine ukifanya kazi ndogondogo na kujifunza kuishi bila kuchungwa. Baba Pacha hakuona kama hapo pana kitu cha kuchagua. Pacha wao walikuwa shule ya bweni, nyumbani alikuwa peke yake, na alikuwa ameshapaka rangi chumba, ametundika mapazia mapya, na ametoa nje ile meza ya cherehani yenye droo, kwa sababu ndani ya droo hizo, nyuma ya nyuzi na vifungo, ndimo alimokuwa akizikuta chupa za pombe.

Na alikuwa hodari wa kuzikuta. Usimchezee. Kwenye pipa la unga alizikuta, kwenye viatu vya mvua alizikuta, moja aliikuta ndani ya mto, imeshonewa humo kwa mshono safi kabisa, maana mkewe alikuwa fundi cherehani wa kutajwa. Kila akiikuta moja alikwenda nayo mpaka mbele yake, akaiinua juu, akasema, "Na hii?" Kama askari.

Sasa mtu atauliza, hizo picha za kituo zilifikaje dukani kwa mume wa mgonjwa?

Zilifika kwa hila yake mwenyewe. Baba Pacha aliacha shule darasa la sita, herufi alizijulia kwenye ngazi, akiandika mabango ya maduka kwa brashi. Mabango ya brashi yalipokufa, akajifundisha kompyuta, akafungua duka la kuchapa kadi na kutengeneza tovuti. Jumapili moja, siku ya ndugu kutembelea wagonjwa, yule mkuu wa kituo waliyemwita Matroni, muuguzi mstaafu mwenye kifua kipana na miwani ya kamba, alisema kituo kinahitaji ukurasa wa kwenye mtandao, mahali ambapo mtu akifungua tu aone amekaribishwa. Kabla hajamaliza sentensi, Baba Pacha alikuwa amenyoosha mkono.

"Nitautengeneza mimi. Bure."

Watu wakampigia makofi, na baadaye Matroni akampa picha za kituo. Mkewe akamtazama kwa mshangao, halafu kwa kitu kingine ambacho hakukielewa. Ukweli usemwe: hakuwa na roho nzuri kiasi hicho. Mume aliruhusiwa saa moja kwa wiki, Jumapili, kwenye mabenchi ya nje. Lakini fundi aliingia siku yoyote, na mkoba wake begani, akapita korido nzima akitazama nani amekaa na nani.

Kulikuwa na njia nyingine ya kuingia, na hiyo hakuwahi kuitumia. Kila Jumatano saa tisa alasiri kulikuwa na kikao cha jamaa: wake, waume, akina mama, wanakaa kwa duara na kuongea mambo ya nyumbani. Matroni alimwalika tangu wiki ya kwanza.

"Mimi silewi," alijibu Baba Pacha. "Nikakae kikaoni kufanya nini?"

Na wiki zote alijibu hivyo hivyo.

Ukurasa wa kwanza aliowapelekea ulikuwa mwekundu. Juu aliweka chupa iliyopasuka, chini yake kwa herufi kubwa: POMBE INAUA. CHAGUA UHAI. Aliupenda. Aliuona una nguvu. Matroni aliutazama kwa muda, kisha akavua miwani.

"Fundi, ukurasa wako unafoka."

"Unaonya, Matroni."

"Umewahi kuja mahali kama hapa umelewa?"

"Sijawahi."

"Inaonekana."

Pembeni, yule mnasihi mrefu alikuwa anatabasamu. Wagonjwa walimwita Taratibu, kwa sababu neno hilo halikumkauka mdomoni. Ukilia, taratibu. Ukikasirika, taratibu. Ukimwaga chai, taratibu. Yeye mwenyewe alikuwa mlevi zamani, na hakulificha.

"Ngoja nikwambie kitu, ndugu yangu," alisema Taratibu. "Mtu anayefungua ukurasa huu mikono inamtetemeka. Ana dakika moja kabla aibu haijamwambia afunge simu. Usimwonyeshe chupa, chupa anazijua kuliko wewe. Mwonyeshe mlango. Kitufe kiwe kikubwa, akiguse hata kama kidole hakitulii. Na usimwulize jina mwanzo. Jina ndilo linalomuuma."

Kilichomkera Baba Pacha si maneno yale. Kilichomkera ni kwamba yalikuwa kweli. Mtu anakuchukulia mkeo, halafu anakufundisha na kazi yako! Wakati bado ameshika kalamu, Mama Pacha akapita na rundo la mashuka mikononi, kilemba cha buluu kichwani, mashavu yamejaa kidogo.

"Taratibu, yale mashuka ya chumba cha tatu umeyasahau tena," alisema akicheka. Halafu akamwona mumewe. "Ah. Baba Pacha. Habari za kazi?"

Habari za kazi! Kama anamwuliza mpita njia. Baba Pacha alijibu nzuri, akachora kitufe kikubwa kwenye karatasi, akakikandamiza kwa kalamu mpaka karatasi ikatoboka.

Jumanne shemeji yake alikuja dukani. Huyu alikuwa mdogo wa Mama Pacha, mwanamke wa kuuza vitambaa, mwenye mdomo usiopumzika.

"Shemeji! Umekonda kama waya wa kuanikia nguo. Unakula?"

"Nakula."

"Unakula nini, hasira?" Akafungua mkoba, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. "Matroni kasema hii ni ya kwenye ukurasa. Dada kaandika mwenyewe. Kaniambia nisiisome."

"Umeisoma?"

"Mara mbili. Nikalia mara moja."

Baba Pacha akaikunjua. Mwandiko aliujua, ule wa kuandika vipimo vya nguo, mdogo na ulionyooka.

*Karibu. Mimi nilifika hapa nimevaa viatu viwili tofauti. Hakuna aliyenicheka. Mtu alinifungulia geti, akanipa kiti na maji, akaniambia leo sina haja ya kueleza chochote. Nilikaa kwenye kiti kile saa nzima. Nyumbani nilikuwa nimezoea kupekuliwa: mkoba wangu, droo zangu, pumzi zangu, lakini hapa hakuna aliyenipekua. Siku ya tatu nikaanza kuongea, na mpaka leo sijanyamaza.*

Akaisoma tena. Viatu vile ni yeye aliyemvisha. Asubuhi ile alimbeba kutoka sakafuni, akamvisha harakaharaka, akamwingiza kwenye gari. Kwenye karatasi hayumo. Kuna geti, kuna kiti, kuna maji, kuna mtu. Mume hayumo, ila kama mpekuzi.

"Nani alimfungulia geti?" aliuliza.

"Nini?"

"Siku ile. Mimi nilibaki kuegesha gari. Nani alimfungulia?"

Shemeji akamtazama kwa jicho la upande. "Taratibu, nadhani. Si ndiye anayepokea wageni? Kwani hiyo ndiyo uliyoiona humo ndani, shemeji? Karatasi nzima hiyo, wewe umeona geti?"

"Nimeuliza tu."

"Umeuliza tu." Akasimama, akajipangusa sketi. "Mwanamume akianza kuuliza tu, mimi naaga. Kesho Jumatano. Utakwenda kikaoni?"

"Nina kazi."

Na kweli Jumatano alikuwa na kazi. Saa tisa alasiri, wakati jamaa wa wagonjwa wamekaa kwa duara, Baba Pacha alikuwa dukani amejifungia, anamkata Taratibu.

Kukata picha ni kazi ya kawaida ya fundi. Unaondoa nguzo, unaondoa pipa la taka, unaondoa mtu aliyepita nyuma. Yeye aliondoa mtu mmoja kutoka picha kumi na tisa. Bustanini, Taratibu ameshika jembe: kata. Darasa la ushonaji, Taratibu anatunga uzi kwenye sindano: kata. Kwenye benchi: kata, tena kwa starehe, polepole, kama mtu anayemenya chungwa. Alipomaliza picha akageukia maneno. Ile sentensi ya kupekuliwa ilikuwa moja tu. Akaifuta. Ukurasa ukabaki mzuri: rangi ya anga ya asubuhi, kitufe kikubwa katikati, mkewe anacheka peke yake.

Alhamisi alasiri waliuonyesha kwenye bwalo la chakula. Walitundika shuka ukutani, wakaweka projekta juu ya meza. Wagonjwa kama ishirini walikaa kwenye viti vya plastiki. Matroni mbele, mpishi mlangoni na aproni yake, Taratibu nyuma kabisa amesimama mikono mifukoni. Mama Pacha alikaa mstari wa pili. Alikuwa amejipaka wanja. Baba Pacha aliuona wanja ule, akajiuliza ni kwa ajili ya nani.

Ukurasa ukafunguka kwenye shuka. Juu paliandikwa *Karibu*, na chini yake *Huna haja ya kueleza chochote leo.* Halafu kitufe: *Niongee na mtu.* Mzee mmoja mwenye mikono ya kutetemeka akanyanyua kidole, akakigusa kitufe hewani, kwa mbali.

"Hicho hata mimi nakipata," alisema.

Watu wakacheka kwa upendo. Matroni akatikisa kichwa kwa kuridhika. Baba Pacha akajisikia kifua kinapanuka, akateremsha ukurasa mpaka kwenye picha. Bustani. Darasa la ushonaji. Kisha mkewe, mkubwa kama ukuta, anacheka.

"Jamani," mpishi alisema kutoka mlangoni, "huo mkono wa nani?"

"Mkono upi?"

"Huo hapo, kwenye benchi."

Wakatazama. Baba Pacha akatazama. Kwenye skrini yake ndogo ya dukani hakuuona, au hakutaka kuuona. Lakini kwenye shuka la futi nane ulikuwa wazi kabisa. Juu ya egemeo la benchi, nyuma ya bega la Mama Pacha, vilikuwa vimelala vidole vinne na ncha ya mkono wa shati yenye kifungo cheupe. Vidole hivyo havikuwa vya mtu yeyote. Alimkata bwana mzima akamsahau kwenye vidole.

"Mwenyewe yuko wapi?" mtu aliuliza.

"Amekwenda, kaacha mkono ulinde nafasi."

"Fundi, hebu rudisha ile ya bustani. Pale! Kile kiatu!"

"Kiatu cha Taratibu hicho, nakijua, kina kamba ya kahawia na nyingine nyeusi!"

Sasa ikawa mchezo. Watu wazima, wengine walikuwa hawajacheka kwa majuma, wakasimama juu ya viti kumtafuta Taratibu vipande vipande. Sikio likaonekana nyuma ya cherehani. Kiwiko kikapatikana kwenye jembe. Taratibu mwenyewe alicheka kuliko wote.

"Nimegawanywa kama kuku!" alisema. "Nani kachukua paja?"

Baba Pacha alisimama kando ya projekta, masikio yanawaka. Kicheko kile kilizimika kidogokidogo, safu kwa safu, kwa sababu Mama Pacha alikuwa amesimama na hacheki.

"Picha zote?" aliuliza.

"Ilikuwa kupunguza msongamano," alisema Baba Pacha. "Ukurasa ukijaa watu—"

"Na maneno yangu mengine yako wapi?"

"Yalikuwa marefu."

"Ilikuwa sentensi moja."

Matroni akainuka, akazima projekta mwenyewe. "Chai," alisema. "Wote, chai."

Walikutana nyuma, kwenye kamba za kuanikia. Mashuka meupe yalikuwa yananing'inia, na Mama Pacha alianza kuyaanua hata kabla ya kuongea, kama mtu asiyetaka mikono yake ikae bure.

"Jumamosi nakuja na gari saa nne," Baba Pacha alisema. "Nimepaka chumba rangi. Nimeweka mapazia."

"Usije na gari."

"Utakuja na nini?"

"Siji. Nahamia nyumba ya pili."

Ilikuwa kama mtu amemwondolea ngazi miguuni. Akashika kamba. "Unabaki kwa ajili yake."

"Nani?"

"Unamjua. Mwenye mkono."

Mama Pacha akaweka shuka ndani ya beseni, akageuka kumtazama vizuri. "Unajua nilikuwa nacheka nini kwenye ile picha?"

"Sitaki kujua."

"Unataka. Nakujua, umeikuza mpaka imepasuka." Hakungoja jibu. "Tulikuwa kundi zima pale, watu tisa, picha haikuwaonyesha wote. Tuliambiwa kila mtu aseme kitu kimoja cha nyumbani kisicho na pombe ndani yake. Unajua ilivyo ngumu? Nilifikiri mpaka kichwa kikauma. Halafu nikakumbuka siku ulipokuja kuniandikia bango la duka. Uko juu ya ngazi, ndoo ya rangi ya kijani mkononi, unanitazama mimi mlangoni badala ya kutazama kazi. Ukaanguka. Ukalala pale chini kijani kama chura, mimi nimepiga kelele nadhani umekufa, na wewe ukafumbua jicho moja ukasema, 'Bei ni ile ile.'"

Baba Pacha akaiachia kamba.

"Nilikuwa nakucheka wewe, mjinga wewe. Watu wote pale walikuwa wanakucheka wewe."

Angeweza kufurahi. Sehemu moja ya moyo wake ilifurahi. Lakini wivu si mgeni wa kuondoka kwa kuonyeshwa mlango. Ukikosa mtu wa kumwangalia, unatafuta mwingine. Akajikuta anamwonea wivu yule kijana wa kijani aliyelala chini na jicho moja wazi.

"Basi rudi kwangu," alisema.

"Kwa nani? Yule mpaka rangi? Sijamwona siku nyingi. Nikirudi Jumamosi nitarudi kwa askari. Miaka minne, Baba Pacha, swali lako kwangu lilikuwa moja: 'Iko wapi?' Unaingia, iko wapi. Naamka, iko wapi. Mdogo wangu alikuwa anakuja, ukamkataza, ukasema ananiletea. Mama wa jirani, ukamkataza. Ulinikatia watu mmoja mmoja mpaka nikabaki peke yangu nyumbani, kama ulivyonibakiza leo pale ukutani. Nacheka na mkono."

"Nilikuwa nakulinda."

"Najua. Ndiyo maana sikukwambia uache." Sauti ikampungua. "Kila Jumatano wanapanga viti vya jamaa. Jana ilikuwa mara ya kumi na tatu. Kuna bibi mmoja anakuja na fimbo, kutoka mwisho kabisa wa mji, kwa ajili ya mjukuu wake. Wewe duka lako ni mwendo wa dakika kumi. Kiti chako kinakaa wazi kando yangu, watu wanaweka mikoba."

"Mama Pacha, mimi silewi."

"Najua hulewi. Ungekuwa unalewa angalau tungekuwa na la kuongea."

Akabeba beseni kiunoni, akaenda zake ndani.

Jumamosi saa nne, Baba Pacha alikaa kwenye chumba chenye rangi mpya, akayatazama mapazia. Yalikuwa mapazia mabaya. Mkewe angeona mara moja kwamba pindo limeshonwa ovyo. Mchana akaiingiza ndani ile meza ya cherehani, akairudisha mahali pake chini ya dirisha. Hakufungua droo hata moja, ingawa mkono ulimwasha.

Jumatatu ujumbe wa Matroni ulikuwa umefika kabla hajafungua duka. *Fundi, ukurasa bado tunausubiri. Rudisha watu wangu wote na viungo vyao. Na ongeza kitufe cha pili, cha ndugu: Nina mtu wangu anayehitaji msaada. Nao wanaogopa kupiga simu.*

Akafanya kazi. Sentensi ya kupekuliwa akairudisha. Aliiandika mwenyewe, herufi kwa herufi. Picha ya bustani, ya ushonaji, zote akazirudisha nzima. Ile ya benchi akaiacha ya mwisho. Kisha akatengeneza kitufe cha ndugu, na nyuma yake fomu fupi: simu yako, na swali moja, *Tukusaidie nini?* Jina hakuliuliza. Chini akaandika ahadi aliyopewa na Matroni: *Tutakupigia.*

Sasa, fundi mzuri hakabidhi fomu bila kuijaribu, na Baba Pacha alikuwa na desturi ya kujaribu mara tatu. Mara ya kwanza akaandika: *jaribio jaribio moja mbili.* Akatuma. Ikaenda. Mara ya pili: *jaribio la pili.* Ikaenda.

Mara ya tatu akaweka namba yake ya simu, na vidole vikasimama juu ya herufi. *Tukusaidie nini?* Alikuwa amelichagua neno moja moja la swali lile kwa ajili ya watu wengine. Akaandika: *Mke wangu yuko huko kwenu. Mimi silewi. Lakini kuna picha moja nimeikuza mara thelathini.*

Akaitazama. Hii itafutwa, alijiambia, ni kujaribu tu kama sehemu inapokea maneno marefu. Akabonyeza tuma.

Simu ililia kabla hajatoa mkono kwenye kompyuta. Alikuwa amesahau jambo moja, yeye aliyeipanga njia ya ujumbe kwa mikono yake: fomu zote zilikwenda kwenye simu ya anayepokea wageni.

"Fundi," ilisema sauti ya Taratibu. "Nimepata jumbe tatu. Mbili zinasema jaribio. Hii ya tatu ni jaribio, au ni wewe?"

Ingekuwa rahisi. Neno moja tu, angelisema na kucheka kidogo, na mambo yangekwisha hapo. Nje mtu aligonga kioo cha duka akitaka kadi zake; Baba Pacha akamwonyesha kiganja, angoje. Mbele yake, kwenye skrini, mkewe alikuwa bado anacheka na vidole vinne.

"Ni mimi," alisema.

Taratibu hakusema taratibu. "Haya. Jumatano saa tisa. Nafasi yako ipo. Huna haja ya kueleza chochote siku ya kwanza."

"Hayo maneno nimeyaandika mimi."

"Ndiyo. Yamekaa vizuri."

"Na wewe utakuwepo?"

"Ndiyo kazi yangu."

"Utakaa wapi?"

"Popote utakapotaka nikae, bwana mkubwa."

"Mbali na mke wangu."

Upande wa pili palisikika pumzi za mtu anayejizuia kucheka. "Nitakaa karibu na yule bibi mwenye fimbo. Huyo nikimgusa ananichapa."

Baba Pacha akakata simu bila kuaga. Akamfungulia yule mteja, akampa kadi zake, akarudi kukaa. Ilibaki picha ya benchi. Akafungua ile ya asili, akamrudisha mtu mzima: mkono, bega, shingo ndefu, meno, shati. Watu wote wawili wakakaa kwenye benchi lao, na punje ya mchele katikati. Akaikagua kwa ukubwa wa futi nane, isije ikaleta maneno tena. Hakikukosekana kidole.

Kabla ya kuituma kwa Matroni akarudi tena mara moja, akalipunguzia mwanga lile shati. Kidogo tu. Kiasi ambacho hakuna wa kukigundua isipokuwa fundi mwenzake.